Mchirizi wa Penseli Kwenye Ramani ya Darasa

Toa kidole hapo kwanza, mwanangu. Najua mashine za siku hizi zinasafisha ramani zenyewe. Unabonyeza mara moja, karatasi ya miaka mingi inatoka nyeupe kama shati la harusi. Utabonyeza baadaye. Keti nikukumbushe siku moja ambayo hukuwa na akili ya kuikumbuka, ingawa ilikuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilikuwa kijana, na wewe bado nakubeba mgongoni. Mzee Gurdip, mchoraji ramani mstaafu hapa Nakuru, alikuwa amenunua skana kubwa, ile ya kumeza karatasi pana kama shuka, akaniajiri niiendeshe. Weh, nilijiona! Kazi yangu ilikuwa kukunjua ramani kuukuu, kuzilaza chini ya kioo mpaka mikunjo ilegee, kuzipitisha polepole zisipasuke, halafu kuzisafisha kwa kompyuta hadi hata doa la chai lisionekane.

Akaja mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa moja la Kaptembwo. Walitaka kujenga darasa la chekechea, na ramani yao ilikuwa imechorwa zamani na mtu aliyekwisha kufariki.

"Madam, nataka kitu kikubwa, kisafi," akaniambia. "Wageni wa harambee wanakuja Jumapili, mafundi wanaanza kuchimba Jumatatu."

Nikaanza kufuta. Doa, futa. Alama ya mkunjo, futa. Nikafikia mchirizi hafifu wa penseli, umepindapinda na kukata chumba cha watoto katikati. Kidole kiko tayari, nikasikia sauti ya Mzee Gurdip nyuma yangu.

"We! Hiyo unafuta umeuliza nani?"

"Ni uchafu tu, mzee."

"Uchafu gani unatoka kwa ua mpaka kwa barabara bila kukatika? Unajua ni nini?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Sasa tuko wawili hatujui, na bado unafuta!"

Niliumia, mwanangu, siwezi kukuficha. Kukemewa mbele ya mteja si mchezo. Mwenyekiti naye alikasirika, akasema amekuja kuchapisha karatasi, si kuhojiwa. Mzee Gurdip hakubishana naye. Alichukua funguo za gari akatuambia tupande, twende kiwanjani tukaulize.

Tulikuta mahindi yamesimama vizuri, hakuna dalili ya lolote. Jirani, mama mzee aliyekuwa akipalilia, akasogea tukamwonyesha mchirizi unaanzia wapi na kuishia wapi.

"Hapo ndipo ng'ombe wangu alizama," akasema. "Mvua ilinyesha ardhi ikafunguka. Tulikuwa tunamsikia analia chini na hatumwoni. Yule mchoraji wenu wa zamani alikuja, akatazama, akachora kwa karatasi yake. Baadaye udongo ukajaa, watu wakapanda, wakasahau."

Mwenyekiti mwenyewe akasema darasa lihamishwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huku kwetu kuna nyufa zisizozibika. Unachoweza ni kujenga mbali nazo. Jumapili wageni walionyeshwa ramani yenye mchirizi wake, tena nimeukoleza mwenyewe, na darasa limehamishiwa upande wa juu wa kiwanja.

Ukakua, nikakupeleka chekechea hiyo hiyo. Kisha ikaja ile mvua kubwa. Nilikuwa kazini mchana niliposikia ardhi imepasuka Kaptembwo, karibu na watoto. Nilikimbia, mwanangu. Kiatu kimoja kilibaki njiani, sikukirudia. Nikakuta watu wamesimama kando ya mpasuko mrefu, mweusi, pale pale pa ng'ombe, na kule juu darasa liko zima. Ulikuwa ndani umelala usingizi wa mchana, kidole mdomoni. Nikakaa matopeni nikalia kwa sauti, mpaka yule mama jirani akanishika bega.

"Nyamaza, mama," akaniambia. "Utawaamsha."

Basi sikia. Skana inaona kila kitu, lakini haijui maana ya chochote. Hiyo ni kazi yako. Usafi ni mzuri, ila usisafishe usichokielewa. Aliyechora mara nyingi hayupo tena kujieleza, na huo mkwaruzo unaoudharau huenda ndio neno lake la mwisho. Kuuliza si ujinga. Mteja akinuna, mwache anune, kununa hakuui mtu. Na ukikosa wa kumuuliza ofisini, vaa gambuti uende shambani.

Mungu akupe jicho la kuona kilichofifia na mkono usio na pupa. Na watoto wote watakaolala katika nyumba ambazo ramani zake zitapita mikononi mwako, waamke, kama ulivyoamka wewe.