Sambusa za Timu ya Japani

Nilianza kumpenda yule mchezaji kwa sababu alikuwa mfupi. Mfupi kwa vipimo vya mpira wa kikapu, naelewa, lakini akisimama na wenzake wa timu ya taifa ya Japani alionekana kama mdogo wao aliyepewa jezi ya kaka. Nami nilicheza kikapu shuleni Tanga, mfupi vilevile, kazi yangu kugawa mipira na kupigwa viwiko. Basi nilipomwona kwenye televisheni akipenya katikati ya mijitu ya Ulaya, niliruka kutoka kwenye kochi, chai ikamwagika, na tangu siku hiyo nikawa wake.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, mimi na mume wangu tukiishi Hounslow, London, karibu na uwanja wa ndege. Kila nikipata siku ya mapumziko nilikwenda duka la Wajapani huko Acton kununua magazeti nisiyoweza kusoma hata herufi moja. Picha zake nilizikata nikazibandika kwenye albamu ya harusi yetu, kurasa za mwisho zilizobaki tupu.

"We mama," mume wangu akasema, "harusi yetu ina wageni ambao hatukuwaalika!"

Mwache aseme. Siku duka lile lilipoleta jezi ya timu yenye namba yake mgongoni, niliivaa nikazunguka nayo nyumba nzima. Sasa nilitaka kitu kimoja tu duniani: saini yake juu ya jezi ile.

Jumamosi moja nilikuwa nakaanga sambusa, simu ikalia. Alikuwa shoga yangu mwenye asili ya Mombasa, aliyefanya usafi pale uwanja wa ndege wa London.

"Shoga, wale Wajapani wako warefu wako huku terminal! Flight yao ime-delay, wamekaa tu juu ya mabegi. Njoo sasa hivi!"

Nilizima jiko, nikavaa jezi, juu yake koti, kalamu mfukoni. Kwenda kwa mtu mikono mitupu siwezi, hata kama mtu mwenyewe hanijui, kwa hiyo nikajaza sambusa kwenye kopo la biskuti na kukimbilia basi.

Niliwakuta karibu na mlango wa ukaguzi. Na yeye alikuwepo, amekaa juu ya begi anafunga kamba za kiatu. Ni yeye hasa! Mtu mwingine angevua koti akatoa kalamu. Mimi nikafungua kopo. Kwetu mgeni haombwi kitu kabla hajala, na wale, kwa nilivyoona mimi, walikuwa wageni wangu.

"Karibuni, karibuni," nikasema, maana Kiingereza chote kilinikimbia.

Wakatazamana. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akauma, akafumba macho, akawaita wenzake. Jamani! Kopo likazunguka, wao wanainama kunishukuru, nami nainama, wanainama tena, mpaka kiuno kikaniuma. Nilikuwa nasubiri tu wamalize kutafuna.

Hawajamaliza, kiongozi wao akapiga makofi. Wote wakasimama na kuanza kuingia kwenye ukaguzi. Vifungo vya koti vikanigomea, kalamu ikaanguka.

"Baba, ngoja! Saini!"

Nilipoinuka na kalamu yangu, nikamwona anarudi mbio. Akanikabidhi kopo kwa mikono miwili, akainama, akageuka kuwafuata wenzake kabla sijapata hata neno. Akapotea mlangoni.

Nilijitukana pale pale. Mjinga mimi na sambusa zangu! Nilitaka kulitupa lile kopo, ndipo nikasikia kitu kinacheza ndani. Nikafungua. Zilikuwa peremende za kwao, konzi moja, karatasi zake zimekunjamana kwa kukaa mfukoni.

Tanga chombo cha jirani hukirudishi kitupu. Ukikosa kabisa utatia hata ndimu. London majirani walinirudishia sahani zangu zimeoshwa zinang'aa, na asante nyingi, nami nilikuwa nimeshazoea. Nikalia kwa furaha katikati ya watu na mabegi yao, wala sikuona haya.

Nyumbani mume wangu aliigeuza jezi mbele na nyuma. "Sasa saini iko wapi?"

Nikamtilia peremende mkononi.

"Hakutia," nikamwambia. "Lakini yule mtu ana kwao."