Kwao na Kwake Marehemu Kefa

Tabea alikaanga maandazi kando ya barabara ya Makambako kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo hakuna dereva wa lori aliyemshinda kwa maneno. Aliyemshinda ni karani wa mashauri, tena kwa swali la kawaida kabisa.

Mwaka 1953 mumewe Kefa, seremala, alifariki. Wakamzika Kifanya kwa baba zake, kama ilivyo ada. Wiki ya tatu Tabea alikwenda Njombe kuandikisha mirathi. Karani akamuuliza, "Marehemu kwao wapi, mama?"

"Kifanya," akajibu. Angejibu nini? Mbena ukimuuliza kwao hakutajii kitanda anacholalia, anakutajia makaburi ya babu zake.

Karani akaandika kwamba shauri liende baraza la upande wa Kifanya. Na huko, mmoja wa wazee wa baraza alikuwa Hezekia, kaka yake Kefa, ambaye matanga hayajaisha alikwisha kuipima nyumba ya Kefa ya Makambako kwa macho, chumba kwa chumba. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Tabea alikasirika, na kwanza alijikasirikia mwenyewe. Udongo wa matofali ya nyumba ile aliukanyaga kwa miguu yake. Akarudi Njombe, na Hezekia akamfuata.

"Bwana karani, uliniuliza kwao," alisema. "Kwao ni Kifanya. Kwake ni Makambako. Alikaa huko, alifanya kazi huko, akafia huko."

Karani akaweka kalamu chini. Mirathi, alieleza, husikilizwa na baraza la mahali marehemu alipokuwa akikaa. Basi shauri ni la Makambako. Kwamba swali lake ndilo lililokosea, hilo hakulisema.

Hezekia akasema taratibu, "Shemeji, shauri likienda Makambako, na wewe utazikwa huko huko. Kando ya Kefa hapana nafasi."

Maneno hayo yalimchoma. Siku ya mazishi alikuwa amekwisha kuiona nafasi ile, akaihesabu kuwa yake.

"Basi nitazikwa huko, shemeji," akasema. "Mimi nikifa sitahitaji paa. Binti zangu wawili wanalihitaji leo."

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi mahali alipoonyeshwa.