Nilisema Balua

Katibu wa chuo kidogo cha ufundi ninakotunza kompyuta, hapa mjini Kakamega, ni mama mmoja mjane anayekaa Shieywe. Namwita Mama, naye huniita mtoto wake wa mwisho, ingawa hakunizaa. Juma lile alikuwa akingoja barua pepe moja tu. Binti yake, muuguzi, alikuwa ameomba kazi katika hospitali ya mbali kule Turkana, na kwa kuwa simu yake ilikuwa imekufa, alitoa anwani ya ofisini ya mama yake. Hospitali ilikuwa imesema atakayepewa kazi athibitishe kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa.

Na barua zetu zilikuwa zinachelewa. Ya asubuhi inafika jioni. Kila saa Mama alichungulia mlangoni kwangu: "Bado?" Bado. Ijumaa saa nane nikaanza kukasirika, na mimi nikikasirika lazima nipate wa kulaumu.

Nikapekua kumbukumbu za seva. Kila barua ilikuwa inafika vizuri, kisha seva inaitafuta kwa jina mashine ya pili, ile inayogawa barua. Jina halipatikani. Inangoja, inajaribu tena, inakosa tena, mpaka baada ya saa kadhaa ndipo inapitia njia ya akiba. Mashine hiyo tuliipa jina "barua". Seva ilikuwa inatafuta "balua".

Nikakumbuka. Wiki iliyotangulia nilikuwa Butali kwa matanga ya mjomba wangu, nikamtajia Mama mipangilio mipya ya seva kwa simu, yeye akaiandika kwenye kompyuta. Nikaenda mezani kwake nimefura.

"Mama, mbona uliandika balua?"

"Si wewe ulisema balua?"

"Ai, mimi nilisema balua."

"Basi ndiyo nikaandika balua."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Unaongeanga hivyo tangu uje hapa, mtoto wangu, kila r kwako ni l. Nilidhani hata mashine imekuzoea." Niliona haya, lakini nilimpenda sana dakika ile.

Nikabadilisha herufi moja. Saa tisa na nusu barua zilizokwama zikaanza kuingia, na ya hospitali ikiwemo. Binti amepata kazi. Athibitishe leo, aripoti Jumatatu.

Mama aliisoma mara mbili, na kicheko chote kikamwishia. "Jumatatu," akasema. Nyumbani kwake wako wawili tu. Wiki nzima ameomba barua ije, na sasa imekuja kumchukulia mtoto.

Binti alikuwa ameshamwambia: ikija, kubali. Mama akaandika kwamba anakubali, akashukuru, kisha kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma. Zilibaki dakika tano. Nilitaka kumharakisha, roho ikakataa, nikavuta kiti nikaketi karibu naye.

"Bonyeza wewe," akaniambia, akageukia dirishani. "Mimi siwezi."

Nikabonyeza. Hiyo haikuchelewa hata kidogo.