Harufu ya Siagi

Leo siagi iliungua kidogo kwenye kikaango changu hapa mtaani kwangu, Bordesley Green, ughaibuni, na harufu yake ikanirudisha kwenye hoteli moja iliyokuwa ndani ya bustani ya michezo. Baba alitupeleka huko mimi na mama kula chakula cha jioni, akiwa amevaa suti yake ya Idi. Kitambaa cha meza kilikuwa kigumu kwa wanga. Nje ya dirisha watoto walipiga mayowe kwenye vigari vya reli vilivyopanda na kushuka kwa kasi, na miguu yangu haikutulia chini ya meza.

“Tulia,” mama alisema. “Baba yako ana neno.”

Baba aliweka uma chini. “Mwanangu, kuanzia wiki ijayo mimi…”

Sanduku lake nilikuwa nimeliona asubuhi, limefungwa, nyuma ya mlango.

“Naweza kwenda kucheza?” nilimkatiza kwa Kiingereza. “Watafunga!”

Mama alitaka kunikemea, baba akamzuia. “Mwache aende.”

Nilipanda vile vigari mara tatu, nikipiga mayowe kuliko wote. Niliporudi, macho ya mama yalikuwa mekundu, na baba alikuwa ameinamia sahani yangu, akinitolea miiba ya samaki aliyekaangwa kwa siagi, mmoja mmoja.