Misa ya Baba Aliye Hai

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo na Mwislamu, na ni yeye mwenyewe aliyenipeleka kwa mapadri nibatizwe. Goma ya wakati ule ilikuwa na shule ya misheni tu, na misheni na serikali zilikula sahani moja. "Enda bakubatize, usome," aliniambia. "Mungu anakujua." Kisha akarudi kwenye cherehani yake, barazani mwa duka la Mgiriki. Sikumwona akilia, ila kaptula yangu ya shule aliifumua akaishona upya mara mbili.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa karani wa serikali, nikaanza kuitamani ile kadi ya wastaarabu ambayo Wabelgiji waliwapa watu weusi wachache. Mwenye kadi hakuchapwa fimbo, na mzungu alijizuia kidogo kabla ya kumwita nyani. Hakuna karatasi iliyosema kwamba mtu wa nyumba ya Kiislamu haipati. Haikuhitaji kuandikwa. Waislamu walihesabiwa watu wa fitina, wa kuchunguzwa, nami nilikuwa nikiishi na baba chini ya bati moja.

Kabla ya kupewa kadi, tume ilikuja kukagua nyumba: kama unakula kwa uma, kama kitanda kina shuka, kama choo kina mfuniko. Asubuhi ya siku hiyo nilimwomba baba akashinde kwa rafiki yake, nyuma ya soko. Hakuniuliza sababu. Aliijua, na kujua kwake ndiko kulikoniudhi. Nikaficha mkeka wake wa kuswalia, birika la udhu na tasbihi. Nikapigilia msalaba ukutani. Nikasahau kanzu yake kwenye kamba, uani.

Aliyeiona ni padri aliyekuja na tume, mgeni aliyehamishiwa kwetu wiki chache tu kabla ya hapo.

"Hii ni ya nani?"

"Ya papa."

"Na yeye iko wapi?"

Mkuu wa tume alikuwa ameinua kalamu, anangoja.

"Alikufa," nikasema.

Padri akanishika bega. Akauliza kama marehemu alibatizwa kabla ya kufa. Nikasema ndiyo. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumapili, kwa wema wake, padri akatangaza kwamba misa ile ni ya kumwombea baba yangu. Waliomjua baba walinitazama, kisha wakainamia vitabu vyao vya nyimbo. Tulipotoka hakuna aliyetembea nami. Ni mama mmoja tu, mzee wa kutoka milima ya Masisi, asiyejua lolote, aliyenishika mkono kwa mikono yake miwili akanipa pole. Nikaipokea. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa mlangoni mwa kanisa lile lililojaa watu.

Kadi niliipata. Baba hakurudi kulala nyumbani, basi nikamfuata barazani. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano, hakuinua macho.

"Papa, rudia nyumbani."

"Nilisikia muliniombea ku misa," akasema. "Aksanti. Hakuna mutu anakatala dua."

"Nilikosa, papa."

"Najua. Serikali ilikuomba, ukanitoa. Mimi pia nilikutoa, ukiwa mutoto." Alikata uzi kwa meno. "Lakini ile siku nitakufa kweli, usikuye ku maziko. Batakuona, na ile karte yako batainyanganya."

Hakuwa na hasira hata chembe. Afadhali angenipiga.

Alikufa kabla uhuru haujafika. Nilikuwa ofisini jeneza lake lilipopita barabarani. Waislamu hawachagui wabebaji. Kila mwanamume anayekutana na jeneza huliingia chini, hulibeba hatua chache, kisha humpisha mwingine. Hata mwuza makaa mmoja alitua gunia lake akaingia. Nilisimama dirishani nikiwaangalia wakipokezana. Kutoka mlangoni hadi kwa baba yangu hazikuzidi hatua thelathini.

Karani mwenzangu akauliza ni nani amekufa.

"Ni muzee moya wa kule sokoni," nikamwambia, nikarudi mezani kwangu. "Fundi wa nguo."