Koti la Baba na Mwiko wa Nyogokuru

Harufu ya kuni mbichi ndiyo inayonirudisha Kagunga. Kabla ya msimu ule kijiji chetu kilinuka dagaa waliotandazwa juani na mawese yaliyochemka kwenye mapipa, harufu mbili ambazo mtu aliyezaliwa pale hazisikii tena. Halafu wakaja wakimbizi kutoka Burundi. Wengine waliteremka mlima kwa miguu, wengine walifika kwa mitumbwi, na ufukwe wetu mwembamba, uliobanwa kati ya mlima na ziwa, ukajaa mpaka ikawa huwezi kwenda kuteka maji bila kuruka miguu ya waliolala. Walikata miti mibichi ya mlimani wakapikia, na moshi wake mzito wenye uchungu ukakaa juu ya nyumba zetu kama paa la pili. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, mwenye haya kupita kiasi. Mgeni akinisalimu nilikimbilia nyuma ya mlango. Sasa wageni walikuwa wamelala hata nyuma ya mlango.

Katika msimu huohuo baba hakurudi kutoka ziwani. Alikwenda kuvua dagaa na wenzake kama siku zote, karabai zikiwaka, upepo ukawakuta katikati. Wenzake waliokotwa karibu na kijiji cha Mwamgongo wakiwa wameshikilia ubao wa mtumbwi. Baba hakuonekana. Baba mdogo alimtafuta pamoja na wavuvi wengine mpaka wakarudi mikono mitupu, na walipotaka kuweka matanga mama aliwakatalia. "Mnamlilia nani?" aliwauliza. "Mbona hamjaniletea mtu?" Kuanzia hapo alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mbele ya nyumba, uso ukielekea majini. Hakulia wala hakula. Alikunywa maji pale tu aliposhikiwa kikombe mdomoni, na bangili aliyoizoea mkononi ikaanza kuteleza mpaka kwenye kiwiko. Koti la mvua la baba, la njano, lililoraruka kwapani, lilikuwa kwenye msumari kando ya mlango, na mtu aliyeligusa aliambiwa aliache, mwenyewe atalihitaji mvua zikianza. Shangazi zangu walinong'ona jikoni kwamba mama naye anakwenda, anamfuata mumewe huku tunamtazama. Walidhani mimi nimelala.

Kwenye baraza yetu alikuwa amefikia bibi mmoja wa Kirundi, mrefu, mwenye miguu iliyopasuka kwa safari. Sisi watoto tulimwita Nyogokuru, yaani bibi, kwa sababu hakututajia jina lake. Kirundi chake na Kiha chetu vinafanana, kwa hiyo tulielewana, ingawa hakuwa na maneno mengi. Alikuwa amepotezana na mwanawe njiani. Kila mtumbwi ulipotokea upande wa kaskazini alisimama, akaweka mkono juu ya macho, akawaangalia wanaoshuka mmoja mmoja, kisha akakaa tena. Alichagua kukaa kwenye ule mtumbwi uliopinduliwa, kando ya mama. Mmoja akitazama kaskazini, mwingine akitazama maji. Jioni aliazima mwiko wetu, akasonga ugali wa muhogo, akamega kidogo na kumwekea mama mkononi. "Ihangane, mwana wanje," alimwambia. Vumilia, mwanangu. Mama alilishika lile tonge mpaka likapoa, na kuku wakalila.

Hatimaye baba mdogo aliweka matanga bila ridhaa ya mama. Mikeka ilitandikwa, majirani wakaja, wakimbizi wa uani nao wakaketi pamoja nasi kwa heshima, ingawa walikuwa na misiba yao. Ndipo akatokea mtu mfupi mnene aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua kali. Hakuna aliyemjua. Alikuwa Mnyamwezi, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Tabora, aliyekwama kijijini kwa sababu boti zote zilikuwa zinabeba wakimbizi. Alikuwa amesikia kuna msiba wa Muha, na kwetu Waha, Wanyamwezi ni watani. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Hucheka wengine wanapolia, humsema marehemu, huchukua vitu vyake, na hakuna anayekasirika. Hiyo ndiyo kazi yake, na asiyekuja huonekana hakujali.

Aliingia akilia kwa sauti kubwa ya uongo. "Ole wangu mimi! Mtumwa wangu amekufa! Sasa nani atanilimia mihogo?" Wenyeji wakaanza kutabasamu chini chini. Akazunguka, akapekua sufuria, akalalamika kwamba Waha hata wakifa ni wachoyo. Halafu akaliona koti la njano. Kabla mtu hajamzuia alilivaa, likamfika miguuni, akajilaza chali katikati ya mkeka na kufumba macho. "Mimi ndiye marehemu," akasema. "Nimerudi. Maji ni ya baridi na nina njaa. Mke wangu yuko wapi? Mbona sioni ugali?"

Kicheko kilikatika. Mama alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza tangu baba apotee aliligeuzia ziwa mgongo. Alisimama akilikodolea macho lile koti, na mimi nikamshika shangazi nguo nikidhani ataanguka.

Hakupata nafasi ya kuanguka, kwa sababu Nyogokuru aliinuka kwanza. Kwao milimani hawakuwa na utani wa namna hiyo. Alichokiona yeye ni mwendawazimu anayeiba koti la marehemu mbele ya mjane. Alichomoa mwiko kutoka kwenye sufuria, ugali bado umeushika, akamtandika yule mtu begani. "Mwizi! Vua! Vua koti la mtu!" Marehemu akaruka kutoka mkekani akakimbia, koti likimkwaza, Nyogokuru nyuma yake. Walizunguka nyumba, wakapita katikati ya dagaa, wakarudi. "Jamani Waha!" yule mtani alipiga kelele. "Hata nikifa sipumziki?" Baba mdogo aliwakimbilia akihema. "Bibi, mwache, huyo ni mtani!" Nyogokuru hakusimama. "Mtani ndiye nani? Ndiye anayeiba?" Mtani aliishiwa pumzi, akajificha nyuma ya mama na kumshika kitenge kama mtoto. "Mke wangu, niokoe. Mama mkwe ataniua mara ya pili."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kama mlango uliofungwa siku nyingi unapofunguliwa. Kikaendelea, kikampinda, akashika magoti, halafu sauti ikabadilika na tukajua kwamba sasa analia. Hakuna aliyemnyamazisha. Alimgeukia yule mtu, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akamvua taratibu kama alivyokuwa akimvua baba alfajiri, akalikunja na kulikumbatia. "Kumbe amekufa," alisema. Siku ile alikula. Nyogokuru alimega, mtani akachovya kwenye mchuzi, mama akapokea. Baadaye, walipokwisha kumweleza mambo ya utani, Nyogokuru alimgeukia yule Mnyamwezi, akamwuliza: "Kwa hiyo nyinyi mtu akifa mnaletewa wendawazimu?" Mtani alikuwa anajikanda bega. "Tunaletewa ndugu, Bibi. Ila ndugu wengine hawapigwi."

Meli ilipokuja kuwachukua wakimbizi kuwapeleka Kigoma ilisimama mbali majini, na watu wakapelekwa kwa boti ndogo. Nyogokuru alikuwa hajampata mwanawe. Aliagana nasi bila kulia, akaingia majini mpaka magotini, na alipoinuliwa kwenye boti niliona mwiko wetu umechomekwa mgongoni, ndani ya kitenge. Nilitaka kuita, haya zikanishika. Mama alinivuta karibu yake. "Mwache," alisema. "Huko aendako watani ni wengi." Aliendelea kumpungia mkono hata baada ya boti kufika kwenye meli.

Sasa naishi Kasingirima, mjini Kigoma, na pale walipolala wakimbizi Kagunga pameota majani. Sijui kama Nyogokuru alimpata mwanawe. Mwaka jana mama alifariki, hapa mjini. Matanga yalikuwa mazuri, watu husema hivyo. Tulikodi viti na spika, wageni wakaingia kwa adabu, wakasema pole kwa sauti ya chini, wengine wakazitazama simu mapajani. Kila mtu alinionea huruma na hakuna aliyenitania. Sikuweza kulia. Nilikaa nikitazama mlango kama mama alivyotazama maji, nikimsubiri mtu nisiyemjua, aingie na kelele zake, achukue kisichokuwa chake na kusema ana njaa. Nilikuwa nimetundika kitenge cha mama kwenye msumari kando ya mlango, mahali ambapo mkono wa mgeni ungekifikia kwa urahisi. Wageni walipita, wakakisogeza kwa heshima ili kisidondoke. Bado kiko pale.