Injini ya Ziwani Katika Karakana ya Nyakoe

Watu wa Nyakoe walicheka siku ile injini ya mashua iliposhushwa mbele ya karakana yetu. Sisi ni watu wa milima, wa ndizi na chai. Mto wetu ng'ombe aliuvuka bila kulowa tumbo. Mwenye injini alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka ziwani. Alikuwa amesikia kwamba fundi wa hapa aliwahi kufanya kazi kwenye gati la Kisumu. Alisikia kweli. Ila hakusikia kwamba fundi huyo alikuwa mume wangu, na kwamba tulikuwa tumemzika miezi minne iliyopita.

"Basi nitaipeleka wapi?" akauliza.

"Iache hapa," nikamwambia. "Mimi ndiye nimebaki."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, Ijumaa asubuhi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiendesha lori la majani chai kule Ekerenyo, na taniboi wa kumpakilia mizigo na kumshikia spana, alikuwa amekwisha kumwambia baba yao ampe karakana, maana mwanamke na spana wapi na wapi. Mzee alisema ataamua siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, Sabato yetu Waadventista inapoanza, isimkute na neno moyoni. Nilielewa vizuri: nikishindwa na injini ile, narudi kupalilia migomba, na vifaa vya karakana nilivyovisafisha kwa miaka saba vinakwenda kulala chini ya kiti cha lori. Nilikasirika siku ile, na sijapoa mpaka leo.

Mchuuzi alinieleza kwamba mkono wa gia ulikuwa umekwama katikati. Injini inanguruma, mashua haiendi, wakapiga makasia mpaka ufukoni. Kisha akaenda sokoni na samaki wake.

Shemeji alifika kabla sijafunga leso kiunoni. "Hiyo gia imevunjika ndani," akasema kabla hata hajaigusa. Akachukua bomba la chuma, akalivika kwenye ule mkono na kuuvuta kwa mwili mzima, kama alivyozoea kwenye lori lake. Mkono ukapinda.

"Umeona? Hii kitu imekufa."

"Ilikuwa mgonjwa. Wewe ndiye unataka kuiua," nikamwambia. Akanikata jicho.

Mume wangu hakuniweka kitako kunifundisha. Nilijifunza kwa kumpa spana na kumuuliza maswali mpaka akachoka. Alikataa kabisa kufungua injini kabla hajajua kama ubovu uko juu au chini. Basi nilichomoa pini inayounganisha mkono wa gia na fimbo inayoshukia kwenye meno huko chini. Fimbo nikaishika kwa koleo, ikapanda na kushuka kidogo bila taabu. Mkono, hata ukiwa peke yake, haukutikisika. Kwa hiyo huko chini kulikuwa kuzima. Ubovu ulikuwa palepale mkono unapoingia kwenye tundu lake, ambapo matope, magamba ya samaki na grisi kuukuu vilikuwa vimegandamana kama ukoko wa ugali.

Nikamimina mafuta ya taa, nikangoja, nikagonga kwa kipande cha mti, nikamimina tena. Saa nane mkono ukatoka. Nikausugua, nikaunyoosha kwenye jiliwa, lile bano la chuma la mezani, nikaupaka grisi mpya na kuurudisha pamoja na pini yake. Sasa ulicheza vizuri pale katikati, lakini kwenda mbele ukagoma. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta.

Acheke. Gia ya mashua si ya lori. Injini ikiwa imezimwa, meno yake huenda yasikutane mpaka mtu azungushe propela polepole huku mwingine akisukuma mkono. Nasi, mimi na mchuuzi, tulikuwa tumeining'iniza kwenye boriti asubuhi, nikiuachilia mkono tu inayumba. Kazi ilitaka watu wawili.

"Nishikie propela," nikamwambia shemeji.

"Mimi si mtumishi wa mwanamke." Akaketi.

Akabaki mzee. Alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, ametazama pembeni kama inavyompasa baba mkwe wa Kigusii. Chinsoni, ndivyo tunavyoiita haya hiyo: mkwe na baba mkwe hawapeani mikono, hawakaribiani, macho hayakutani. Miaka saba nilimwekea chakula nikatoka kabla hajaketi. Na jua lilikuwa limeinamia kilima.

Nilimheshimu sana mzee yule. Hata hivyo nilimwita baba kwa Kigusii, kwa sauti ya kusikika sokoni: "Tata, njoo ushike hapa."

Shemeji akaruka. "Umerukwa na akili? Unamwita baba yangu hivyo?"

"Namwita mtu wa pili. Kama ni aibu, iwe yangu. Tata, zungusha polepole."

Mzee aliinuka kwenye kigoda chake. Kisha akavua kofia, akainama upande wa pili wa injini, uso ameugeuzia ukuta. Akazungusha. Nikasukuma. Wapi!

"Tena, Tata."

Akazungusha tena, na mkono ukaingia kwa mlio mfupi. Tukajaribu na kurudi nyuma, ukaingia.

Mchuuzi aliporudi tulisaidiana naye kuiteremsha kwenye pipa la maji ya mvua. Akavuta kamba, injini ikakohoa, ikanguruma. Nikasukuma gia mbele. Maji yakaruka yakatulowesha sote, pamoja na viatu vya shemeji.

Ilipozimwa, shemeji alimgeukia baba yake. "Watu watasema nini? Mzee wa kanisa kuinama pamoja na mke wa mwanao?"

Mzee alifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja. Hakunitazama. Hakunitazama kamwe mpaka alipofariki.

"Waambie nilikuwa taniboi," akasema. "Fundi ameniita, nikaenda."